Mashine ya kusaga ghorofani: sakafu ipimwe kabla ya mkataba

Kodi ya chumba cha chini ikipanda, mfanyabiashara mdogo huangalia juu. Huuliza kama umeme unatosha na kama ngazi itapitisha kinu. Sakafu haiulizwi, na hilo ni kosa la mwenye nyumba kabla ya kuwa la mpangaji.

Wengi hudhani suala ni uzito tu. Kila sakafu ina mdundo wake, kama bembea: ikisukumwa kwa wakati wake, hata mtoto huirusha juu. Injini ya dizeli ya mizunguko 650 kwa dakika hutikisa karibu mara 11 kwa sekunde. Sakafu nayo ikiwa na mdundo huo huo, mtetemo hukua, boliti hulegea, plasta hupasuka na vumbi la dari humwangukia muuza unga wa chini.

Julai 2011 jengo la TechnoMart la ghorofa 39 mjini Seoul, Korea Kusini, lilitikisika kwa dakika 10 hivi, watu wakakimbilia nje. Wachunguzi waliporudia tukio walikuta chanzo ni kundi dogo lililokuwa likifanya mazoezi ya viungo ghorofa ya 12.

Huko Savar, Bangladesh, mambo yaliisha vibaya. Nyufa zilionekana Rana Plaza Aprili 23, 2013, na kesho yake mafundi wa nguo wakaitwa kazini. Umeme ulikatika, majenereta ya ghorofa za juu yakawashwa, jengo likaanguka na kuua zaidi ya watu 1,100. Ujenzi ulikuwa mbovu, hakuna ubishi, lakini mtetemo uliukuta ubovu huo.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mhandisi huweka chombo cha kupima mtetemo katikati ya sakafu. Mtu wa kilo 80 hivi husimama kwa vidole, kisha hujiangusha kwa visigino. Chombo huonyesha sakafu imecheza mara ngapi kwa sekunde na imechukua muda gani kutulia. Hakionyeshi wingi wa nondo, kwa hiyo uimara wa jengo hukaguliwa mbali.

Mafundi hupenda kuweka vipande vya tairi chini ya mashine. Visipolingana na mzunguko wake, huweza kuongeza mtikisiko.

Gharama ya kipimo ibebwe na mwenye nyumba, kwani karatasi hiyo itamfaa hata kwa mpangaji ajaye. Mpangaji naye ataje mkatabani uzito na mizunguko ya mashine yake. Na palipo na ufa uliopakwa rangi, mkopo wa kinu usichukuliwe kabla mhandisi hajaubandua na kuutazama.