Kumfuata Pongo Mlimani
Pongo wa Mlima Kenya hufuatwa kwa macho na kamera tu, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mgeni anayepandia upande wa Karurumo, Embu, hupanga safari ya Januari au Februari, mvua zikiwa zimekatika, hulipia kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kisha hutafuta mwenyeji wa kumwongoza. Mashamba ya chai yakiisha, msitu huanza; juu yake ni mianzi iliyosongamana, ambamo nyati husimama hatua chache mbele bila kuonekana. Asiyemuuliza mwenyeji huulizwa na nyati. Alfajiri, alama ndogo za kwato kwenye tope bichi huonyesha alikopita pongo. Pengine kando yake pana kitanzi cha waya kilichofungwa shinani. Kutega hivyo ni wizi, na anayeuona akanyamaza ni mshirika. Askari wa wanyamapori huarifiwa siku hiyohiyo.