Kutu Haifichwi kwa Rangi

Si jambo geni kuona tangi la kiwanda likipakwa rangi mpya, liking'aa, na kabla ya masika mawili kupita madoa mekundu yakachomoza kwenye maungio yake. Hapo lawama huangukia rangi. Husemwa kuwa ni hafifu, au kwamba haifai hewa ya pwani. Aghalabu rangi husingiziwa. Kosa hutendeka kabla kopo halijafunguliwa.

Rangi inayotegemewa sana kukinga mitambo ni ile ya epoksi, ambayo elimu yake ilikua katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kazi za wakemia kama Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Epoksi huja katika makopo mawili, moja la resini na moja la kigumishi. Vikichanganywa kwa kipimo kilichoagizwa, molekuli zake hufungamana pande zote mithili ya nyuzi za wavu, hadi kuwa tabaka moja gumu lisiloyeyuka tena. Tabaka hilo huzuia kwa kiasi kikubwa maji, oksijeni na chumvi visikifikie chuma.

Lakini epoksi hushika kile tu inachokigusa. Ikipakwa juu ya mafuta, hushika mafuta. Ikipakwa juu ya kutu, hushika kutu, nayo kutu haikushika chuma barabara. Kutu ikibanduka, hubanduka pamoja na rangi yake.

Chumvi ina hila zaidi, kwa kuwa haionekani. Kila mwanafunzi wa biolojia amejifunza osmosisi: maji hupita katika utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Tabaka la rangi nalo ni utando wa namna hiyo, kwa maana hupitisha maji kidogo kidogo. Chembe za chumvi ya bahari zikiachwa chini yake, huyavuta maji hayo, na malengelenge hufumuka. Ndani ya lengelenge chuma huanza kuoza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huiinua rangi na kuipasua. Kwa hiyo adui huwa amefungiwa ndani ya ngome na mlinzi mwenyewe.

Matayarisho yanayotakiwa yanajulikana. Mafuta huondolewa kwanza, na chumvi huoshwa kwa maji baridi yasiyo ya bahari. Kisha chuma hupuliziwa chembe ngumu kwa hewa iliyoshindiliwa mpaka kiwe cheupe na chenye mikwaruzo midogo ya kushikia rangi. Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka madaraja ya usafi huo pamoja na picha za kulinganishia, na daraja linalodaiwa mara nyingi kwa epoksi huitwa Sa 2½. Chuma chenyewe hupaswa kuwa na joto linalozidi kwa nyuzi 3 za Sentigredi, au zaidi, lile ambalo umande huanza kutanda. Kukipaka alfajiri kikiwa na unyevu ni kuupaka umande. Kadhalika kingo na maungio ya kuchomelea hutanguliziwa brashi, kwani hapo rangi hujivuta na kubaki nyembamba.

Faida ya juhudi hiyo ilidhihirika huko Uskoti, katika daraja la reli la Forth lililofunguliwa mwaka 1890. Kulipaka rangi daraja hilo kulikuwa msemo wa Waingereza wenye maana ya kazi isiyokwisha. Kati ya mwaka 2002 na 2011 mafundi waliiondoa rangi ya zamani mpaka chuma kitupu, ndipo wakapaka matabaka matatu, la kati likiwa la epoksi yenye vibamba vidogo vya kioo, rangi ya namna iliyotumika katika majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Rangi hiyo ilitarajiwa kudumu zaidi ya miaka 20. Rangi bora ilisaidia, lakini isingefaa kitu juu ya kutu ya karne nzima.

Wala hekima hii si ngeni kwa watu wa Pwani ya Afrika Mashariki. Fundi wa majahazi hakupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, juu ya ubao uliojaa uchafu. Chombo kilipandishwa ufukoni, kikakwanguliwa kwanza, ndipo kikapakwa. Alijua kuwa ubao usiotayarishwa hauwezi kukingwa.

Wasimamizi wa viwanda hudai kuwa kusafisha hugharimu fedha nyingi na kusimamisha uzalishaji. Ni kweli, gharama ya kusafisha yaweza kupita ya rangi yenyewe. Lakini kazi iliyoharibika hulipiwa mara mbili, tena pamoja na gharama ya kukwangua rangi iliyoharibika. Hapana budi basi mikataba iyalipie matayarisho kwa fungu lake peke yake, na awepo mkaguzi mwenye mamlaka ya kuzuia rangi isipakwe mpaka chuma kipite. Maadamu mpaka rangi hulipwa kwa idadi ya mita alizopaka tu, ataharakisha, na hastahili kulaumiwa peke yake.

Matayarisho hayo yasinunuliwe kwa mapafu ya wafanyakazi. Vumbi la mchanga wa kawaida lina silika, iletayo silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Mwaka 1974 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilipendekeza mchanga huo upigwe marufuku katika kazi ya kupulizia. Zipo chembe za ganeti na za chuma. Vigumishi vya epoksi navyo huweza kuleta mzio wa ngozi wa maisha, kwa hiyo glavu si anasa.

Shule zinaweza kuanza pasipo mtambo wowote. Mwalimu wa kemia achukue vibati vinne vya chuma: kimoja kilichosuguliwa kwa msasa, cha pili chenye kutu, cha tatu kilichosuguliwa kisha kikapakwa maji ya chumvi na kukaushwa, cha nne chenye mafuta. Vyote vipakwe rangi moja ya kawaida, vichorwe mstari kwa msumari na kuachwa penye unyevu. Kila wiki wanafunzi waandike waonayo. Atakayefanya jaribio hilo leo ndiye atakayesimamia matangi na mabomba ya kesho, naye hatasadiki tena mng'ao wa rangi kabla ya kuuliza kilicho chini yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chuma hakina tofauti.