MTO HAUJUI MPAKA WA KAUNTI



Mfanyi kazi alala Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Alfajiri apanda matatu kwenda kiwandani Nairobi. Jioni ashuka Mlolongo, Kaunti ya Machakos, kumwamkia dada yake. Kwa siku moja ametumia choo katika kaunti tatu. Je, uchafu wake ni wa gavana yupi?

Swali hili si la mzaha. Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Hupita katikati ya mji, halafu huingia Mto Athi. Athi huteremka Ukambani, hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga baharini karibu na Malindi. Anachotupa mtu wa juu humfikia mtu wa chini. Penye makutano ya Athi na Thwake limewekwa bwawa kubwa kwa ajili ya maji ya watu wa Makueni, Kitui na Machakos. Watu hao ni ndugu zetu, na wengi wetu tuna mama zetu huko.

Mabwawa ya kusafishia maji taka ya Nairobi, yale ya Dandora yaliyoko Ruai, yalianza miaka ya 1970. Hesabu ya watu ya 1979 ilikuta Nairobi watu 827,775. Hesabu ya 2019 ilikuta 4,397,073. Mabwawa yameongezwa, lakini watu wameongezeka zaidi, na miji ya Ruiru, Kikuyu, Mlolongo na Kitengela imekaribia kushikana na Nairobi.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya maji na usafi. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ujenzi wa mitambo mikubwa uligawiwa mashirika ya Serikali Kuu: Athi likapewa Nairobi na Kiambu, Tanathi likapewa Machakos, Kajiado, Makueni na Kitui. Mto ni mmoja, wenyewe ni wengi, na kila mmoja amtazama mwenziwe.

Wengine watasema kaunti haziwezi kushirikiana. Si kweli. Kifungu cha 189 cha Katiba chaziruhusu kuunda kamati na mamlaka ya pamoja. Na jambo hili limefanywa kwingine. Katika bonde la Emscher, Ujerumani, penye migodi ya makaa na viwanda vya chuma, miji, migodi na viwanda viliunda chama kimoja cha maji mwaka 1899. Kila mwanachama alitozwa ada. Hata hivyo kwa miaka mingi mto wenyewe ulikuwa ndio mfereji wa uchafu. Kazi ya kuurudisha ilianza miaka ya 1990, ikala zaidi ya yuro bilioni 5, na mwisho wa 2021 ndipo maji taka yalipoondolewa mtoni. Twajifunza mawili: kuungana kwawezekana, na kuchelewa ni ghali.

Basi twataka nini? Kwanza, kaunti hizi ziweke mamlaka moja ya maji taka, yenye mpango mmoja. Maji hufuata mteremko, na mtambo uwekwe mahali panapofaa bonde, si mahali panapompendeza mwanasiasa. Pili, kila kaunti ilipe kadiri ya uchafu inaoleta, na kiwanda kilipe kadiri ya ukali wa maji yake. Mpangaji wa chumba kimoja, anayechangia choo cha shimo na milango kumi, asitozwe ada ya bomba ambalo halijamfikia. Tatu, wafanyi kazi wawe na viti katika mamlaka hiyo. Wazibuao mabomba hushuka mashimoni penye hewa ya sumu iwezayo kuua mtu kwa dakika chache. Mpango wowote usiotaja kipimo cha hewa, kamba, viatu na glavu zao haujakamilika.

Ndugu, bajeti za kaunti hupita kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Nendeni mikutanoni. Mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu: ameongea na jirani zake juu ya maji taka, au bado? Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi katika chama twalijua hilo zamani. Sasa na magavana walijue.

Mhariri