Kulinganisha Tembo na Chura wa Kihansi

Tukimfundisha mtoto kwamba kila mnyama azaaye ni mamalia, twampotosha. Chura wa Kihansi huzaa kama tembo, lakini hanyonyeshi wala hana nywele, ni amfibia. Kwa hiyo twashauri wanafunzi wawalinganishe wanyama hao kwa sifa kadhaa, si moja.

Makazi nayo yahusishwe na hatari. Tembo huhama akikosa maji. Chura huyu alitegemea manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, Udzungwa, peke yake. Kufikia mwaka 2000 maji mengi yalikuwa yameelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliozalishwa Marekani walirudishwa mwaka 2012. Tembo wa savana, awindwaye kwa pembe zake, alitangazwa kuwa hatarini mwaka 2021. Ulinganisho usioeleza sababu hizi ni jedwali tu, wala si somo.