Kinga ya Mfanyakazi ni Sauti Yake



Kila itajwapo saratani itokanayo na kazi, lawama humwangukia mfanyakazi. Husemwa kuwa ni mzembe, kwamba hupewa kinyago cha kuzuia vumbi akakitundika shingoni, na kwamba laiti angalielimishwa angalijikinga. Kauli hiyo tunaipinga. Elimu ni ya lazima, lakini ajuaye hatari na akaogopa kuitamka hana kinga.

Hatari yenyewe haiko mbali nasi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limethibitisha kuwa vumbi la mbao, vumbi la silika, moshi wa kuchomelea vyuma na nyuzi za asbesto huleta saratani kwa binadamu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona saratani ya pua imezidi mno miongoni mwa mafundi wa samani wa High Wycombe. Maseremala na wachonga vinyago wa Malindi nao huvuta vumbi la mbao. Akataye zege kwa mashine hukutana na silika. Abomoaye mapaa ya zamani aweza kukutana na asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini marufuku peke yake haiteremshi paa lililokwisha kuezekwa.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba hayana haraka. Msumeno ukikata kidole, damu huonekana papo hapo. Asbesto huweza kungoja miaka 20, 30 au zaidi. Kibarua naye huhesabiwa kwa siku. Kati ya ugonjwa wa miaka thelathini ijayo na njaa ya usiku wa leo, aogope lipi? Tusimwite mjinga. Amtakaye ajikinge, na aibadilishe kwanza hali aliyomo.

Basi ni nini kimsukumacho mfanyakazi? Kwanza, ni jamaa zake. Imethibitika kuwa vumbi la asbesto lilirudi nyumbani katika nguo za kazi, na wake waliozifua wakapatwa na saratani. Ajifanyaye mkavu kwa nafsi yake hawezi kuwa mkavu kwa mwanawe. Huko Owino Uhuru, Mombasa, Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha kuyeyusha risasi, alisimama baada ya mwanawe mchanga kugunduliwa kuwa na sumu ya risasi mwilini. Madhara ya risasi si yale ya asbesto, ila funzo ni moja. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Pili, ni vifaa vinavyovalika. Kufunika pua kutwa nzima katika joto la kaskazi ni adhabu. Vumbi lilowekwe maji, au livutwe kwa mashine pale linapozaliwa. Kinyago kije baadaye, kwa gharama ya mwajiri kama iagizavyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Tatu, na ndilo kubwa, ni sauti. Sheria hiyo hiyo yataka pahala penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yamruhusu mfanyakazi kuripoti hatari kubwa iliyo karibu, na asilazimishwe kurejea hapo kabla haijaondolewa. Yakataza kumwadhibu aliyelalamika. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chamlinda katika chama chake na katika mgomo. Lakini kibarua awezaye kuambiwa "kesho usije" atawezaje kuzishika haki hizo? Na karakana yenye mafundi watano, isiyolazimishwa kuwa na kamati, nani ataisemea?

Taifa hili lilifuta kifungu cha 2A mwaka 1991 kwa kuwa raia asiyeweza kukataa si raia kamili. Mantiki hiyo isiishie langoni mwa kiwanda. Kwa hiyo vyama vitakavyotujia kuomba kura vitujibu haya: Je, vitahakikisha vibarua wanahesabiwa na kulindwa sawa na walioandikwa? Je, ripoti za wakaguzi zitabandikwa mahali wafanyakazi wanapoziona, kwa Kiswahili? Je, apimwaye afya kwa sababu ya kazi atapewa majibu yake mkononi? Je, vyama vya ushirika vya mafundi vitasaidiwa kununua mashine za kuvuta vumbi?

Nanyi mnaofanya kazi, anzeni kesho kwa swali moja: kamati yetu ya usalama ni akina nani, na ni lini tuliwachagua? Ulizeni mkiwa wengi. Mmoja hufukuzwa, wote hawafukuziki.