Kesho ya Uluguru Isipangwe na Mgeni Rasmi

Vijana wenzangu, nani hajakaa kwenye kikao cha aina hii? Mgeni rasmi anafungua, anasema anachokitaka, kisha kila anayepewa kipaza sauti anaanza: "Kama alivyotangulia kusema mheshimiwa..." Jioni posho zinasainiwa na ripoti inaandikwa kwamba wadau wamekubaliana. Wamekubaliana nini? Wameogopana tu.

Naleta hoja hii kwa sababu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilishazinduliwa Julai 2025, na humo sayansi na teknolojia vimepewa uzito. Sawa. Lakini teknolojia ipi, itatufikia lini, itamfaa nani? Hayo hayabashiriwi kwa hotuba.

Utaratibu upo. Miaka ya 1950 watafiti wa shirika la RAND kule Marekani, wakiwemo Olaf Helmer na Norman Dalkey, walibuni njia inayoitwa Delphi. Jina ni la mji wa Ugiriki ya kale ambako watu walikwenda kuuliza mambo ya kesho, ila kazi yenyewe sio ramli. Unachagua wataalamu, unawapa maswali yaleyale, kila mmoja anajibu kwa maandishi na majina yanafichwa. Majibu yanajumlishwa na kurudishwa kwao, waone wengi wamesimama wapi. Aliye mbali na wenzake anaombwa sababu, sababu zinasambazwa bila jina, halafu wote wanajibu tena. Profesa hana kiti cha mbele, na afisa wa chini hahofii kibarua chake. Japani wanaitumia kutazama teknolojia za mbele tangu 1971, takriban kila miaka mitano.

Kuna atakayesema: si ni wataalamu walewale? Swali zuri, na sisi wa Morogoro tuna haki ya kuliuliza kuliko wengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa mkoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani kuzuia mmomonyoko. Kwenye makaratasi walikuwa sahihi. Lakini udongo wenye rutuba kule juu ni mwembamba. Ukichimba tuta unaufukia na kuibua udongo usiozaa. Mkulima aliliona hilo, hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1955 watu wakagoma, polisi wakaitwa, damu ikamwagika Matombo, na mpango ukafa. Kumbe mkuu naye asiposikia la mdogo huvunjika guu!

Kwa hiyo Delphi peke yake haitoshi. Anayechagua jopo anakaribia kuchagua jibu; watu kumi wa mawazo mamoja watakubaliana vizuri sana na watakosea pamoja. Faida yake ni kumlinda mwenye wazo la ajabu. Hapahapa SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wazo hilo ukilitoa mbele ya mgeni rasmi, unachekwa. Kwenye karatasi isiyo na jina, angalau utaulizwa sababu.

Pendekezo langu: mkoa wetu uanze. Jopo liwe na watafiti wa SUA, mabwana shamba, wakulima wa mboga wa Mgeta, wa viungo wa Kinole, akina mama wa sokoni na mafundi simu. Maswali kumi tu: pampu za jua zitashuka bei lini? Utabiri wa mvua kwa simu utaaminika lini shambani? Mboga zitapata lini ghala la baridi kabla hazijaoza? Vyanzo vya Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, vitalindwa kwa teknolojia gani? Asiyeandika ajibu kwa sauti, hata kwa Kiluguru. Matokeo yabandikwe kila kata, pamoja na sababu za waliopinga, na baada ya miaka mitano tuyapime.

Na tusijifanye malaika. Hata kwenye vikao vyetu "kama alivyosema mwenyekiti" imezidi. Tuanze nyumbani: kabla ya kupitisha sera ya kilimo, tukusanye maoni bila majina, raundi mbili. Halafu tumfuate diwani, tumuulize: kesho ya milima hii mmeipanga na nani? Penye wengi haliharibiki neno, ila wengi hao wawe huru kulisema.