Waya wa Breki Haukujenga Okestra

Wasee, kuna ile hadithi huzungushwa kwa simu zetu kila baada ya miezi michache. Okestra ya Kinshasa, Kongo. Walikosa nyuzi za vayolini, wakafunga waya wa breki ya baiskeli, wakaendelea kupiga Beethoven. Halafu chini yake mtu ameandika: "Na wewe una kisingizio gani?"

Hadithi yenyewe ni ya ukweli. Hilo swali ndilo linanikera.

Linanikera kwa sababu nililimeza zima zima. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani, kila mtu aliniambia kitu kimoja: jitume. Nikanunua gitaa ya mtumba, nikaanza kujifunza kwa simu. Peke yangu, usiku, mlango umefungwa ndio jirani asilalamike. Nilidumu miezi minne. Ile gitaa mnaionaga nyuma yangu kwa video, imening'inia ukutani kama pambo. Nyuzi mbili hazipo. Kwa muda mrefu nilijiambia mimi ni mvivu tu, mbona wenzangu wa Kinshasa waliweza na waya?

Siku moja nikaamua kufuatilia vizuri hao watu walianzaje.

Mwaka ni 1994, na nchi bado inaitwa Zaire. Kinshasa imeporwa mara mbili, 1991 na 1993, wanajeshi wenyewe wakiwa mbele. Pesa inapoteza thamani ukiwa umeishika mkononi. Hapo ndipo Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, anaanzisha okestra ya simfoni. Hajasomea muziki chuo chochote.

Ukiishia hapo, unapata ile hadithi tamu ya msee mmoja na ndoto yake. Lakini usiishie hapo.

Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri ambaye Wabelgiji walimkamata 1921, wakamhukumu kifo, kisha wakabadilisha ikawa kifungo cha maisha. Alikaa ndani miaka 30, akafia gerezani 1951. Watu wake hawakutawanyika. Walijenga kanisa kubwa, lenye kwaya na bendi za tarumbeta. Babake Diangienda, aliyeliongoza hilo kanisa hadi alipofariki 1992, ndiye alikuwa na hamu ya kuona okestra. Ndio maana hadi leo inaitwa Orchestre Symphonique Kimbanguiste.

Umeona sasa? Kabla vayolini ya kwanza haijashikwa, tayari kulikuwa na watu waliozoea kuimba pamoja na kufika mazoezini. Kulikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi, nyumbani kwa Diangienda. Na kulikuwa na sababu ya kurudi kesho yake.

Vyombo ndio havikuwepo vya kutosha, kwa hivyo walishika kwa zamu. Unapiga, unampa mwenzako, unakaa unamsikiliza. Aliyejua nota alimfundisha asiyejua. Mmoja wao alifungua besi ili aone imeundwaje, ndio aweze kuunda zingine. Mchana wengi wao walikuwa kwa kazi zao, sokoni, kwa vinyozi, kwa ufundi wa stima. Jioni wanakutana.

Mobutu akaondolewa 1997. Vita vikaja, vikaisha, vikarudi. Okestra ikabaki. Ilipofika 2010, filamu ya Wajerumani, Kinshasa Symphony, iliwaonyesha wakiwa karibu 200, wapigaji na kwaya, wakifanya mazoezi huku stima ikipotea. Mwaka wa 2014 walienda kupiga Uingereza.

Sasa turudi kwa ule waya. Mimi nasema ule waya ndio kitu kidogo zaidi kwa hii hadithi yote. Uzi ukikatika na uko peke yako kejani, unalala. Uzi ukikatika na kuna watu wanakungoja waanze, utatafuta waya. Baiskeli haikuwapa moyo. Walipeana wao kwa wao.

Na tuwe wakweli, walistahili nyuzi. Sioni raha yoyote kumpigia mtu makofi kwa sababu alinyimwa kitu cha msingi akavumilia. Umaskini haukuwafundisha muziki. Uliwachelewesha.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Hao walikuwa na kanisa na jina kubwa la familia, sisi watu wa mtaa tuna nini?" Swali poa. Enda Korogocho basi. Kwa uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana, karibu na jaa la Dandora, kuna watoto wa Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge. Wanashika selo na tarumbeta huku moshi wa takataka ukipita. Wale waliotangulia wanafundisha wadogo. Ni mwendo ule ule wa Kinshasa: mahali pa kukutana, siku inayojulikana, na mtu wa kukushika mkono.

Lakini sisi tumelishwa hadithi ya msee mmoja hadi tumeshiba. Amka saa kumi, jifungie, usiongee na mtu, utaomoka. Ukishindwa, kosa ni lako pekee. Hii hadithi inawafaa sana watu waliopaswa kutupunguzia karo, kutujengea kumbi na kuleta walimu wa muziki shuleni. Kila mtu akijilaumu kwa chumba chake, hakuna atakayewauliza kitu.

Kwa hivyo nimeacha kujiita mvivu. Nilikuwa peke yangu, na kuwa peke yako ni kitu kinaweza kurekebishwa. Nimetafuta watu saba wa mtaa wetu: mmoja ana kinanda, mmoja anaimba kwaya, wengine hawana chochote. Tunakutana Jumamosi saa nane. Jumamosi iliyopita tulifika watatu, na gitaa yangu bado haina zile nyuzi mbili. Tulishika kwa zamu hivyo hivyo. Tulisikika vibaya sana, manze. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili nimecheza saa mbili bila kuangalia simu.

Ukimwona rafiki yako ameacha kuchora, ameacha kuandika, ameacha mpira, usimuulize ana kisingizio gani. Muulize alikuwa anafanya na nani.